Na ya Kutolea

Miaka kumi na mmoja nimepima dagaa Mwaloni,
mizani ya kuning'iniza, sahani imebonyea upande,
kilo naijua kwa kiganja
kabla mshale haujatulia.

Sasa kila Alhamisi napanda kilima cha Bugando,
Sayi mgongoni, miaka minne,
na muuguzi ananiambia: mpandishe hapa, baba,
avue ndala, asishike ukuta.
Kilo kumi na tatu na robo.
Dawa tunaikata kwa uzito, anasema,
nami najikuta nimeinama kuusoma mshale
kama walivyoinama wateja wangu wasioniamini.

Jina la ugonjwa tuliambiwa mara moja.
Minza aliliandika nyuma ya kadi ya kliniki,
saratani ya damu, kwa herufi ndogo,
kana kwamba herufi ndogo zingelipunguza.
Nyumbani tunasema homa ya Sayi.
Bibi yake kule Magu anasema yale mambo.
Mjomba alitaja mganga, akataja na mbuzi;
Minza akammiminia chai, hakumjibu,
chai ikapoa.

Kitanda tumesamehewa.
Dawa hii ipo, ile haipo,
ile utaipata nje, duka lenye geti la bluu.
Kipimo cha mgongo, lipa kwanza.
Damu ni bure, ila leta wachangiaji.
Nikawaleta wabeba magunia wanne, wananuka soko,
Nkwabi, kifua kama mlango wa ghala,
akaiona sindano akaanguka chini pwaa!
Sayi akacheka hadi barakoa ikamvuka.
Kicheko kile hakina risiti.

Ilitangulia baiskeli.
Zikafuata bati za chumba cha pili, hazijaonja mvua.
Kisha kitenge cha harusi, Minza akasema kimeliwa na panya,
nikakubali kwamba panya wa Igoma wanajua bei.
Mizani niliiuza Jumanne, elfu themanini,
kwa kijana ambaye hata hakuijaribu.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kula.
Saa nane za usiku anadai ugali,
anadai macho ya sato, yote mawili,
mashavu yakajaa, nikampandisha kwa mbwembwe:
kumi na tano!
Daktari alinitazama kwa upole.
Ni dawa hiyo, baba Sayi. Ni maji.
Tusubiri.

Nikanyamaza. Mambo hayo nayajua.
Nami nilikuwa na kidole gumba changu,
siku mbaya nakiegesha chini ya sahani,
nusu kilo ya Nyangeta wa Ukerewe inayeyuka
huku namwuliza habari za watoto,
naye anahesabu noti, anafunga pindo la khanga,
anashukuru, anawahi meli ya Nansio.

Jana simu ilitetema kwenye benchi la wodi.
Umepokea shilingi elfu kumi na mbili na mia nane,
na jina lake lote, Nyangeta Mafuru,
ambalo miaka yote hiyo sikuwahi kuliuliza.
Nyuma yake ujumbe:
nimesikia kwa wabeba mizigo.
ya dawa ya mtoto. nimeweka na ya kutolea.

Na ya kutolea.
Yaani alikaa mahali, pengine juu ya gunia,
akapiga hesabu ya nitakachokatwa kwa wakala,
akakiongeza juu,
ili kinachonifikia kisipungue.

Sijamjibu.
Nimeandika asante, nikafuta.
Nimeandika dada, ile mizani yangu, nikafuta.
Minza amelala ameketi, paji la uso kwenye chuma cha kitanda.
Sayi yu macho. Anauliza ndani ya barakoa:

Kesho tunapima tena?
Tunapima.
Nisishike ukuta?
Usishike ukuta, mama.